Unalipia Kadi Ambayo Haijachapwa: Wakusanyaji wa Besiboli Japani na Pesa Inayotangulia

Binamu yangu anaishi Chiba, mji ulio jirani na Tokyo. Usiku mmoja mwaka jana alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya mashine ndani ya duka, anahema kama mtu aliyekimbiza matatu ya mwisho.

"Usikate," akaniambia. "Nimebakisha dakika ishirini nilipie kadi."

Nikadhani ni kadi ya benki, au ile ya kupandia treni. Kumbe ni kadi ya karatasi ngumu, yenye picha ya mchezaji wa besiboli, inayotoshea kiganjani. Na huyo mchezaji mwenyewe hata si nyota. Ni mdakaji wa akiba aliyekuwa anastaafu baada ya miaka mingi ya kukaa benchi. Nikamuuliza kwani haraka ya nini, si anunue kesho dukani?

"Kesho haitauzwa tena. Na hata leo bado haipo. Wataichapa wakishahesabu ni wangapi tumelipa."

Maneno hayo yalinikaa. Kazi yetu hapa ni kumkumbusha mteja kila siku: angalia mali kwanza, ndiyo ubonyeze PIN. Sasa hapa kuna watu wazima, wenye kazi na familia, ambao mwaka mzima wanalipia vitu ambavyo havijatengenezwa, na wengi wao hawajawahi kuibiwa hata bob. Nikaamua kufuatilia wanavyofanya. Baadaye nikajaribu mwenyewe kutoka Nairobi, na nikajikwaa mara mbili. Nitakuambia nilipojikwaa.

Kutoka pakiti ya chipsi hadi oda ya siku tatu

Japani inapenda besiboli jinsi sisi tunavyopenda mpira wa miguu. Kuna timu 12 za kulipwa, zimegawanywa katika ligi mbili za timu sita sita. Kadi za wachezaji zimekuwepo kwa vizazi, lakini zile ambazo wazee wa sasa wanazikumbuka utotoni zilitoka kwa kampuni ya vitafunio ya Calbee. Mwaka 1973 ilianza kuuza vitafunio vikiwa na kadi ya mchezaji, na kadi namba moja ilikuwa ya Shigeo Nagashima wa Yomiuri Giants, mtu aliyeheshimika hadi akapewa jina la utani la Bwana Giants. Mtoto alinunua pakiti, akafungua kadi kwanza, chipsi baadaye. Mwaka 1991 kampuni ya uchapishaji ya Baseball Magazine ikaingia sokoni na kadi zake, maarufu kama BBM, zinazouzwa kwa pakiti bila chipsi.

Ukifikiria vizuri, pakiti ni bahati nasibu. Unalipa hujui ndani kuna nani. Na anayeamua kadi ngapi zichapwe ni kampuni, miezi kabla wewe hujaingia dukani. Ikichapa nyingi kupita kiasi, zinajaa mpaka hazina thamani. Marekani yaliwakuta hayo mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Watu walijaza masanduku kwa masanduku wakidhani wanawekea watoto karo ya chuo, na leo masanduku yale yanauzwa kwa bei ya kutupa.

Kadi za kuchapwa kwa oda ziligeuza meza. Mwaka 2016 kampuni ya Topps ya Marekani ilianzisha huduma ya Topps Now. Wakati huo mchezo ukichezwa leo, kesho yake picha ya tukio kubwa iliwekwa mtandaoni ikiwa kadi, bei ikianzia dola 9.99, na oda zilipokelewa kwa saa 24 tu. Saa hizo zikiisha, dirisha linafungwa. Kampuni inachapa kadi kulingana na oda, kisha inatangaza hadharani ni ngapi. Japani nako wakaipenda njia hiyo. Epoch, kampuni ya vinyago iliyoanza mwaka 1958 na mchezo wa besiboli wa mezani, ina huduma yake ya aina hiyo inayoitwa Epoch One. Topps nayo, tangu 2021, imekuwa ikitoa kadi za ligi ya Japani.

Kama hujaelewa bado, fikiria tisheti za chama. Katibu anatuma picha ya mchoro kwenye grupu, anasema bei, halafu anaongeza: mwenye hatakuwa ametuma pesa kufikia Ijumaa jioni, yake haitachapwa. Jumamosi anahesabu majina, anapeleka oda kwa fundi. Hakuna tisheti ya ziada, na ukija Jumatatu ukilia, utalia tu. Kadi hizi ni tisheti za chama, ila wanachama hawajuani na katibu yuko Tokyo.

Kinachopendwa na wengi ndicho kinachokuwa kingi

Hapa ndipo binamu yangu alipoanza kunifundisha, na nakiri ilinichukua muda.

Mgeni akiingia kwenye hobi hii hufikiri kadi ya tukio kubwa ndiyo itakayopanda bei. Lakini idadi ya kadi inatoka kwa walionunua. Tukio likitikisa nchi nzima, nchi nzima inaagiza, na kadi inachapwa kwa maelfu. Chukua Shohei Ohtani. Tarehe 19 Septemba 2024, akichezea Los Angeles Dodgers mjini Miami, alikuwa mtu wa kwanza katika ligi kuu ya Marekani kufikisha homurani 50 na besi 50 za kuiba katika msimu mmoja. Homurani ni kuupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Kuiba besi ni kukimbilia kituo kinachofuata kabla hujanaswa. Siku hiyo peke yake alipiga homurani tatu. Japani ilikuwa asubuhi ya tarehe 20, watu wanaenda kazini simu mkononi. Unadhani ni nani hakutaka kumbukumbu ya siku kama hiyo? Ndiyo maana kadi ya aina hiyo si rahisi ikawa adimu. Inabaki kumbukumbu nzuri, lakini ukiinunua ukitegemea kuiuza mara tatu, umechelewa, kwa sababu jirani yako anayo, na mjomba wake pia.

Yule mdakaji wa akiba wa binamu yangu naye, dirisha lilipofungwa, kadi zake zilikuwa chini ya mia tatu. Je, hizo ndizo zenye pesa? Wala. Ni chache kwa sababu wachache waliitaka. Adimu na ghali ni mambo mawili tofauti, na watu wengi, si wa kadi tu, wamepoteza pesa kwa kuyachanganya. Siku hizi kampuni nyingine huchanganya ndani ya oda kadi chache za rangi tofauti zilizopigwa namba, au zenye sahihi ya mchezaji, na hapo ile bahati nasibu ya pakiti inarudi kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilimuuliza swali la mtu wa pesa: sasa faida iko wapi?

"Nani amekwambia nataka faida? Huyu jamaa nilimwona uwanjani siku yangu ya kwanza Japani. Nilikuwa sijui mtu."

Sikuwa na la kujibu. Yeye alikuwa amelipa pesa ambayo hata isiporudi hatakosa kodi ya nyumba. Nikiwasikiliza wakusanyaji wakongwe, naona hilo ndilo linalowatofautisha na wale wanaoishia kulalamika.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda, wa Roki Sasaki. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20, alirusha mchezo kamili katika uwanja wa ZOZO Marine, hapo hapo Chiba, dhidi ya Orix Buffaloes. Mchezo kamili maana yake wapigaji 27 wa timu pinzani wameingia na wote 27 wametoka bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Kati yao, 19 aliwatoa kwa straiki tatu, wakiwemo 13 mfululizo. Ligi ya Japani haikuwa imeona mchezo kamili tangu 1994. Pakiti zilizokuwa madukani asubuhi hiyo hazikujua lolote kuhusu jambo hilo, na ndiyo raha ya kadi ya oda: inashika tukio likiwa bado moto.

Lakini sikia kilichofuata. Wiki moja baadaye, tarehe 17, Sasaki akapanda tena kurusha dhidi ya Nippon-Ham Fighters. Raundi ya kwanza, hakuna aliyefika. Ya tano, hakuna. Ya nane, hakuna. Mashabiki walikuwa wameshashika vichwa: kijana atafanya tena? Kocha akamtoa. Alikuwa amerusha mipira zaidi ya mia moja, na mkono wa kijana wa miaka 20 si wa kuchezea. Mchezo ulikuwa bado sifuri kwa sifuri, na timu yake ikafungwa 1–0 katika raundi ya kumi.

Sasa weka hapo mtu mjanja mtandaoni, raundi ya saba, anayekuambia: kadi ya mchezo kamili wa pili inakuja, nitumie pesa sasa nikushikie nafasi. Ungekuwa umelipia kitu ambacho hakikutokea kabisa. Muuzaji halali wa kadi ya oda hupokea pesa kabla ya kuchapa, ndiyo, lakini baada ya tukio, kwa bei iliyoandikwa, na tarehe ya kufunga iliyoandikwa. Mambo hayo matatu ukiyakosa kwenye ukurasa, weka simu mfukoni.

Namba, kaunta, risiti

Turudi kwa binamu yangu na ile mashine. Japani wana kadi za benki na programu za simu kama PayPay, lakini bado watu wengi hununua mtandaoni wakalipa taslimu kwenye konbini, yale maduka madogo yanayofunguliwa saa 24 kama 7-Eleven, Lawson na FamilyMart. Unaagiza kwenye tovuti, unachagua kulipia konbini, unapewa namba. Kwenye Lawson unaingiza namba hiyo kwenye mashine iitwayo Loppi, inatoa kikaratasi, unakipeleka kwa keshia ndani ya dakika 30, unatoa noti, unapewa risiti. Basi.

Ukiangalia, huo ni mtindo wetu wa paybill kwa umbo jingine. Namba ya malipo ndiyo akaunti namba, keshia ndiye mfumo, risiti ndiyo SMS ya uthibitisho. Na kuna jambo moja ambalo wenzetu wa Japani wanalijua hadi kwenye mifupa na sisi tunalisahau: kuagiza si kulipa. Oda ambayo haijalipiwa kabla ya muda kuisha inafutwa yenyewe, hakuna wa kukupigia simu. Binamu yangu alikuwa ameagiza siku kadhaa nyuma, akajiona amemaliza, akakumbuka usiku wa mwisho akiwa ameshalala. Ndiyo maana ya kuhema kule.

Wateja wetu hutupigia kwa kosa kama hilo. Mtu amejaza fomu ya tikiti au ya karo, ameona neno "asante" kwenye skrini, ametulia. Pesa haijakatwa. Kama hujapata SMS yenye kodi ya muamala, hujalipa, hata kama skrini imekushukuru kwa lugha tatu.

Nikiwa Nairobi, pesa ikiwa kwenye simu

Mimi sikuwa na konbini. Duka nyingi za mtandaoni za Japani hutuma mizigo ndani ya nchi yao tu, na nyingine hukataa kadi za benki za nje. Kwa hiyo mtu wa nje hutumia kampuni ya kununua kwa niaba. Unawapa kiungo cha bidhaa, wanalipa wao, mzigo unafika ghala lao Japani, halafu wanakutumia. Yeyote aliyewahi kuagiza Vitz au Probox kutoka kule anaijua hali hii: gari umeliona kwenye picha, pesa imetangulia, na wewe unahesabu siku meli ifike Mombasa. Tofauti ni kwamba gari lipo tayari yadi.

Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kutoka kwa pochi yangu ya simu, ile isiyo ya plastiki, yenye namba tu. Nikaweka pesa ya kutosha oda hiyo na kidogo ya juu. Hilo nililifanya vizuri, na nakushauri vivyo hivyo: kadi ya mtandaoni ikiibiwa namba, mwizi anakuta shilingi mia mbili, hakuti mshahara.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu. Yeni moja imekuwa ikikaribia shilingi moja, chini yake kidogo, na ukaribu huo unadanganya. Niliona kadi ni yeni 600, nikajiambia hiyo ni pesa ya nyama choma nusu kilo. Lakini wapi! Kulikuwa na posta ya ndani ya Japani, kutoka kwa mchapaji hadi ghala. Kulikuwa na ada ya kampuni ya kununua. Halafu wiki saba baadaye, kadi ilipofika ghalani, ikaja ankara ya pili, ya kuisafirisha hadi Kenya. Hiyo ndiyo kubwa, na watu wengi hawaitarajii kwa sababu siku ya kwanza haionyeshwi. Jumla ikawa yeni 3,200. Na pesa yangu ilipobadilishwa kutoka shilingi, ada ya ubadilishaji ikamega kipande chake, nikaishia karibu shilingi 2,900. Kwa kadi ya yeni 600! Wakusanyaji wa nje ya Japani husubiri oda zao zifike ghalani nne au tano ndipo wasafirishwe pamoja kwenye bahasha moja. Hilo niliambiwa nikiwa nimeshalipa.

Kwenye ukurasa wa kulipia unaweza kuulizwa kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa yeni. Shilingi inapendeza kwa sababu unaona hesabu ya nyumbani, lakini hapo muuzaji au benki yake ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi wanajiongezea. Chagua yeni, uache kadi yako ifanye ubadilishaji. Kisha linganisha SMS na bei.

Mzigo ukifika nchini, forodha wanaweza kukudai ushuru na VAT ya asilimia 16. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" kwenye bahasha ili ukwepe. Ni kudanganya serikali, na mzigo ukipotea utafidiwa kwa bei ya hiyo zawadi.

Kosa la pili linauma zaidi. Niliagiza kadi nyingine, siku ya mwisho ya dirisha, saa kumi jioni nikitoka kazini. Dirisha lilikuwa linafungwa usiku wa manane wa Japani. Nikajua nina karibu saa mbili, si haba. Nilichosahau ni kwamba saa kumi jioni ya Nairobi ni saa nne usiku kule, na wafanyakazi wa ile kampuni ya kununua walikuwa wameshaenda kulala. Oda yangu ililala nao. Asubuhi wakaniandikia kwa adabu sana kwamba bidhaa haipatikani tena na pesa itarudishwa.

Irudishwe wapi? Mimi kwa kujiona mwerevu wa usalama nilikuwa nimeshaifuta ile kadi ya mtandaoni siku ile ile. Pesa ikarudishwa kwenye namba ambayo haikuwepo. Ilichukua barua pepe nyingi, simu kadhaa na wiki tano hadi ionekane kwenye pochi yangu. Sikuibiwa, na kosa la nusu lilikuwa langu mwenyewe, lakini wiki tano ni ndefu ukiwa hujui pesa yako iko Tokyo, Nairobi, au hewani. Kwa hiyo, kwa kitu kinachochukua miezi kufika, usifute kadi uliyolipia. Igandishe, au ishushe salio hadi sifuri, uiache hai mpaka bahasha iwe mkononi. Na hifadhi SMS ya muamala pamoja na namba ya oda. Ukilazimika kudai malipo yarudishwe kupitia mtandao wa kadi, kuna muda wa mwisho wa kudai, na oda za namna hii zinaweza kuchukua muda mrefu kiasi kwamba unausahau. Andika tarehe kwenye kalenda siku unayolipa.

Kuhusu saa, binamu yangu alinionyesha kitu ambacho kilinifanya nicheke peke yangu kwenye matatu. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, mwaka mzima, kwa sababu wao hawabadilishi saa na sisi hatubadilishi. Na saa yetu ya Kiswahili imepishana na ile ya Kiingereza kwa saa sita pia. Kwa hiyo ukiangalia saa ya mshale ukutani Tokyo, inasoma saa ya Kiswahili ya Nairobi. Kule mshale ukiwa kwenye tatu alasiri, sisi tunasema saa tatu asubuhi. Ukisoma "mwisho ni saa 11:59" usiku wa kule, kwetu ni saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa, jioni. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni jua tu. Tangu nijue hivyo sijachelewa tena.

Dirisha likishafungwa

Ukikosa oda, kuna soko la mitumba. Kwa Japani programu kubwa ni Mercari, iliyoanza 2013. Namna inavyoshika pesa inafaa kuijua hata kama hutanunua kadi maishani. Mnunuzi akilipa, pesa haiendi kwa muuzaji. Inakaa kwa Mercari. Muuzaji anatuma mzigo, mnunuzi anaupokea, anaukagua, anabonyeza kuthibitisha kwamba umefika sawa, ndipo pesa inaachiliwa. Na kanuni zao zinakataza kuuza kitu ambacho huna mkononi, kwa hiyo mtu hawezi kuuza pale kadi ambayo bado anaisubiri itoke kiwandani. Wenye kujaribu wapo, bila shaka, ila wakiripotiwa tangazo linaweza kuondolewa.

Sasa linganisha na grupu la simu ambapo mtu anasema ana ndugu Japani, tuma kwa hii namba, kadi zinakuja na mzigo wa mwezi ujao. Huenda ni mkweli. Mimi mwenyewe nina ndugu Japani, si uongo. Lakini pesa uliyomtumia mtu binafsi imeshafika kwake sekunde hiyo hiyo, hakuna wa katikati aliyeishika. Angalau soma jina linalotokea kwenye skrini kabla hujaingiza PIN, na likiwa si la uliyezungumza naye, simama hapo. Ukigundua umekosea, tupigie mara moja. Pesa ikiwa bado kwenye pochi ya aliyeipokea, kuna linaloweza kufanyika. Ikishatolewa kwa wakala, inakuwa kazi ya polisi. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN ili akusaidie kurudisha, hata akijua majina yako matatu na ya mama yako.

Kadi yangu, ile ya kwanza, ilifika Posta siku ya Jumanne wakati wa mvua. Bahasha ndogo, kadi ndani ya plastiki ngumu. Ni ya mrushaji mmoja ambaye nilikuwa simjui hata jina miezi mitano kabla, amenyanyua mguu, macho yamemtoka. Nimeiweka juu ya friji. Mke wangu aliigeuza mara mbili akauliza ilikuwa pesa ngapi, nikamwambia yeni mia sita.

Binamu yangu naye ameshaagiza nyingine wiki hii, ya kocha anayeondoka. Nilimuuliza kama amelipa au ameagiza tu. Akanyamaza kidogo, halafu nikasikia mlango unafunguliwa na viatu vinavaliwa. Dirisha linafungwa leo. Kwetu ni saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa, jioni.